Chumvi ya Kisima cha Bi Mwanakombo

Katika matanga ya marehemu mume wangu, Jumamosi ya tatu ya mwezi wa Aprili mwaka huu, wifi yangu alisimulia kwa mara nyingine kisa ambacho ukoo wetu umekifanya kitafunio cha kila shughuli. Masinia yalikuwa yameondolewa, wanawake tumekaa kwenye majamvi, na kilio cha asubuhi kilikuwa kimegeuka mazungumzo ya chini chini. "Huyu mnayemwona," wifi akasema, akininyooshea kidole, "ndiye aliyemwokoa kaka yangu asinunue bahari kwa bei ya kiwanja." Watu wakacheka kile kicheko cha matangani kinachoomba radhi hapo hapo kinapotoka. Nami, pamoja na msiba wangu, nilinyoosha mgongo. Sitajifanya mnyenyekevu katika kurasa hizi: nilikipenda kisa kile. Kilinionyesha kama nilivyotaka kuonekana, mwanamke aliyechelewa kwenda shule lakini shule haikuchelewa kumfaa. Mtu mmoja tu hakucheka, mwanamke wa makamo aliyeketi karibu na mlango, ambaye sikumtambua. Alipoaga alinishika mkono kwa muda mrefu kuliko desturi, akasema jina lake ni Mwanahawa, ametoka ng'ambo, Kibada, na kwamba angerudi nikishatoka eda. Alirudi kweli. Kwa sababu ya aliyoyasema siku hiyo, naona ni wajibu wangu kukiandika kisa hiki upya, kwa ukamilifu wake.

Ulikuwa mwaka 2006. Nilikuwa na umri wa miaka thelathini na tisa, na nilikuwa kidato cha tatu. Tulisoma jioni, Jumatatu hadi Alhamisi, kwenye chumba kimoja huku Temeke ambacho asubuhi kilikuwa cha watoto wa chekechea. Madawati yalikuwa ya watoto, kwa hiyo sisi watu wazima tulikaa magoti yakikaribia kidevu: dereva wa lori, wauza vitenge wawili, mlinzi aliyekuja na sare yake ya kazi, na mimi. Ukutani kulikuwa na picha za bata na embe zilizochorwa kwa rangi, na juu ya ubao palikuwa na wimbo wa kuhesabu mpaka kumi ambao tulikatazwa kuufuta. Chumba kilinuka uji wa watoto na chaki iliyolowa. Mwalimu wetu wa kemia, kijana aliyeitwa Festo, alituita "wazazi", kwa heshima na kwa utani pia. Vitabu vilikuwa vya Kiingereza, lakini yeye alisoma sentensi moja kisha akaifungua kwa Kiswahili, kama mtu anayemenya chungwa na kuwagawia watu vipande.

Wiki ya kwanza ya Juni alitufundisha namna ya kupima chumvi iliyoyeyuka katika maji. Alikuja na chupa ya lita moja, kijiko na pakiti ya chumvi ya mezani, akatukorogea na kutuonjesha kwa zamu. "Wazazi," akasema, "chumvi ikishayeyuka huioni, lakini haikwenda popote. Ipo, na inahesabika. Tunaweza kusema ni gramu ngapi ndani ya lita. Tunaweza kusema ni miligramu ngapi. Tunaweza kusema ni sehemu ngapi katika milioni. Maji ni yale yale, chumvi ni ile ile, ila namba zinatofautiana kama mbingu na ardhi. Kwa hiyo namba ikija kwako peke yake, usiifungulie mlango. Namba isiyo na kizio ni kama mtu asiyejua jina la baba yake."

"Mwalimu," akadakia dereva wa lori kutoka nyuma, "hapa Temeke utawafungia mlango wengi!"

Tulicheka mpaka mlinzi akavua kofia. Lakini nilikwenda nyumbani na maneno yale yakiwa yamenikaa. Lita moja ya maji ina uzito wa kilo moja. Kilo ina gramu elfu. Gramu ina miligramu elfu. Kwa hiyo miligramu moja ndani ya lita ni sehemu moja katika milioni, na gramu moja ndani ya lita ni elfu nzima ya sehemu hizo. Mtu aliyesoma utotoni hawezi kujua utamu wa jambo kama hilo kumfikia mtu mzima. Nilikuwa nimepika maisha yangu yote kwa kukadiria kiganjani, na sasa kiganja changu kilikuwa na jina.

Tulipanga vyumba viwili Tandika. Kimoja kilikuwa cha kulala, na cha pili kilikuwa jiko, sebule na maktaba yangu. Mume wangu, ambaye nitamwita Baba Zuhura kama nilivyomwita maisha yote, alikuwa fundi seremala Keko, kwenye karakana ya mtu mwingine. Alirudi baada ya magharibi akiwa na unga wa mbao kwenye nyusi, akaoga kwa maji ya dumu tuliyonunua kwenye mkokoteni, kisha akakaa kwenye mkeka na kuniambia, "Haya, Mwalimu, leo mmekula nini huko?" Alimaanisha somo. Ilikuwa desturi yetu: nikichambua mchicha au kukaanga dagaa, namsimulia somo, naye husikiliza kwa makini kuliko nilivyosikiliza mimi darasani. Yeye aliishia darasa la nne. Hakuwahi kusema kwamba wivu ulimgusa, na nimechunguza kumbukumbu zangu zote za mwaka ule bila kuuona.

Alichokitaka yeye kilikuwa kimoja tu. Alitaka kiwanja ambapo angejenga nyumba yetu, na ubavuni mwake kibanda cha useremala ambamo asingemwita mtu mwingine bosi. Akiba ilikuwa ya kiwanja kimoja, mara moja. Hilo tulilijua wote wawili. Jumapili ya pili ya Juni tukavuka kwa pantoni kwenda Kigamboni, tukashika njia ya Kibada, ambako mama mmoja mwenyeji, Bi Mwanakombo, alikuwa akiuza sehemu ya shamba lake la minazi. Wakati ule Kibada ilikuwa bado na vichaka, na jogoo wa jirani ulimsikia kabla ya kumwona jirani mwenyewe. Bi Mwanakombo alitupokea barazani kwa vitumbua na chai ya tangawizi kali, akatuita "wanangu" kabla hatujataja majina.

Mwenye kununua ardhi pande zile huuliza mambo matatu: mpaka, jirani na maji. Mpaka ulikuwa wazi, michongoma pande zote. Jirani alikuwa Bi Mwanakombo mwenyewe. Ndipo tukaenda kisimani. Baba Zuhura alivuta ndoo kwa mikono yake, akachota kwa kata, akanywa yote bila kupumua. Aliporudisha kata uso wake ulikuwa umebadilika. Alikulia huko kusini kwenye uwanda wa juu, ambako katika utoto wake maji yalifuatwa bondeni. Mtu alishuka alfajiri na kupanda jua likiwa utosini.

"Mama Zuhura," akaniambia kwa sauti ndogo, "haya yapo mlangoni. Unatoka tu na ndoo."

Mimi nilionja funda moja, kisha nikaomba sabuni. Sabuni ya mche iliteleza mikononi mwangu kama jiwe, haikutoa povu hata la kufunika kucha. Fundi aliyekichimba kisima alikuwapo siku hiyo, maana ndiye aliyemletea Bi Mwanakombo wateja. Aliponiona nikisugua alicheka.

"Mama, unatafuta nini? Kipimo hiki hapa." Akatoa kidude mfano wa kalamu nene, akakitumbukiza kwenye ndoo, akatuonyesha kioo chake. "Mbili nukta saba. Unaiona? Kule kwenu mjini nimepima, mia sita! Mia sita, mama! Mnakunywa chumvi mjini halafu mnakuja kukagua yetu. Hii chumvi hata mboga haikolei!"

"Mia sita dhidi ya mbili!" Bi Mwanakombo akasema, akipiga viganja. "Nilishawaambia, maji yetu hayana fitina."

Nao hawakuwa wakitudanganya. Hilo lazima niliandike. Mtaa mzima uliamini hivyo. Binti mmoja wa Bi Mwanakombo alikuwa akianua nguo kwenye kamba, naye akarudia, "Mbili tu," kwa fahari ya mtu anayesifia kwao. Nikamwomba fundi kile kidude, nikakigeuza kwenye mwanga. Pembeni mwa kioo, kwa herufi ndogo, paliandikwa gramu kwa lita. Ile mia sita ya mjini bila shaka aliipima kwa kifaa kingine, nami nilijua kutoka darasani kwamba namba ya mia, kwa maji ya kunywa, ni ya miligramu. Nikakirudisha kidude bila kusema neno, maana mwanamke haaibishi nyumba aliyokunywa chai. Lakini kichwani nilikuwa nimemaliza: gramu mbili nukta saba ni miligramu elfu mbili na mia saba. Maji ya Bi Mwanakombo yalikuwa na chumvi zaidi ya mara nne ya maji ya bomba ya mjini, na Mwalimu Festo alitwambia kwamba ikishazidi gramu moja kwa lita, ulimi huanza kulalamika.

Jioni ile Tandika nilipika wali na mbaazi, na baada ya kula nikamweleza. Nilitia kijiko baada ya kijiko cha chumvi katika ndoo ya lita ishirini ya maji safi mbele yake, nikihesabu gramu, mpaka nikafikia gramu hamsini na nne, ambazo ndizo zilizokuwa katika kila ndoo ya kisima kile. "Onja," nikamwambia. Akaonja. "Ndiyo maji ya Kibada hayo," nikasema. "Fundi alilinganisha gramu na miligramu. Ni kama mtu aseme kilomita mbili ni fupi kuliko mita mia sita."

Alitazama ndoo. "Mie niliyanywa, mbona niliyaona matamu?"

"Ulikuwa na kiu."

"Watu wa kule wanayanywa wote, Mama Zuhura. Wazee kabisa."

"Wamezoea. Wewe unataka kujenga nyumba au kuzoea?"

Akacheka. Alikuwa na uwezo wa kushindana nami. Akiba ilitoka katika mikono yake, na desturi ilikuwa upande wake. Badala yake akaiinamisha ile ndoo, akamwaga maji uani, akasema, "Msomi kasema." Jumamosi iliyofuata alivuka kwenda kumrudishia Bi Mwanakombo neno. Alimwambia, kwa fahari, kwamba mkewe amepiga hesabu.

Hesabu ile nimeirudia mara nyingi mwaka huu, na haina kosa. Kungekuwa na kosa ningekuwa na mahali pa kuweka majonzi yangu. Kilichotupata ni mpangilio wa somo. Kitabu cha Mwalimu Festo kiliweka mlango wa kubadili vizio kwanza, na mlango wa kuchanganya baadaye, na baina ya milango hiyo miwili kulikuwa na likizo. Tulirudi darasani mwezi wa Julai, na Jumanne ya mwisho ya mwezi huo akaandika ubaoni, chini ya ule wimbo wa chekechea, kwamba ukiongeza maji matupu kwenye maji ya chumvi, chumvi inabaki ile ile ila inagawanywa kwa watu wengi zaidi. "Kama familia iliyopata wageni," akasema. "Nyama haikuongezeka, wazazi, ila minofu imekuwa midogo."

Wenzangu walicheka. Mimi nilikuwa nimekwisha kuandika: ndoo moja ya Kibada, ndoo tatu za mvua. Gramu hamsini na nne katika lita themanini. Sehemu mia sita sabini na tano katika milioni. Yalikuwa karibu sawa na maji ya bomba tuliyokuwa tukiyanunua kwenye mkokoteni. Paa la bati, mfereji wa kukinga mvua, tangi moja, na nyumba yetu ingekuwa na maji. Nilikaa na magoti yangu kidevuni nikiutazama mstari ule mpaka Mwalimu Festo akaniuliza kama naumwa.

Watakaosoma haya na wanaonijua watadhani kwamba nilinyamaza. Sikunyamaza. Nilikuwa na kiburi lakini sikuwa mwizi wa matumaini ya mume wangu. Nilimwambia jioni ile ile, akiwa bado hajaoga. Alinisikiliza hadi mwisho, akaniuliza, "Mvua tu? Mvua ya Mungu?" Nikasema mvua tu. Uso wake ukawa ule wa siku aliyorudisha kata kisimani. Akasema Jumapili atavuka. Nilitaka tuandamane, lakini nilikuwa na jaribio Jumatatu, naye akanikataza. "Wewe soma. Kuvuka maji ninajua."

Sasa nieleze aliyonieleza Mwanahawa mwezi wa Septemba mwaka huu, siku chache baada ya eda yangu kwisha. Alikaa kwenye kiti kile kile ambacho wageni wote hukaa, akakataa soda, akaniambia kwamba yeye ndiye yule binti aliyekuwa akianua nguo. Alisema mume wangu alifika kwao asubuhi Jumapili ile, amevaa shati jeupe, na kabla hajaketi akaanza kumweleza mama yake habari za paa na mvua, haraka haraka, kama mtoto aliyetumwa na kuogopa kusahau. Bi Mwanakombo akamwacha amalize. Kisha akamwambia, "Baba, kiwanja kimekwenda Jumatano. Kuna mtu wa Mbagala kakichukua." Akauliza kama kuna kingine kilichobaki. Hakikuwapo. Mama akamwambia asikitike, ardhi ni nyingi, lakini bei za pale zilikuwa zimekwisha kupanda na wote wawili waliijua akiba yake inapoishia. Alikaa barazani hadi adhuhuri. Ndipo akaomba maji, akaletewa kata, akanywa.

"Alipokuwa akiondoka," Mwanahawa akasema, "alimwambia mama, 'Mke wangu akija kuuliza siku yoyote, usimwambie kiwanja kiliuzwa. Ana mtihani. Na akijua kwamba ilikuwa siku nne tu, hatajisamehe.' Mama akaapa. Mama amefariki, na Baba Zuhura naye ametangulia. Siku ya matanga niliposikia wifi yako anacheka, shoga yangu, nikaona hii amana imenizidi."

Nilimshukuru kwa adabu, nikamsindikiza hadi njiani, nikarudi ndani. Vyumba ni viwili vile vile, Tandika ile ile. Tumebadilisha mwenye nyumba mara moja tu. Baba Zuhura alipiga randa kwenye karakana ya mtu mwingine mpaka kifua kilipomkataza. Mimi nilifaulu kidato cha nne, nikaajiriwa maabara ya shule kama msaidizi, na kwa miaka yote hiyo nilikisimulia kisa cha Kibada mbele yake, kwenye harusi na khitma, nikimtaja kama mtu niliyemwokoa. Naye alikuwa akitikisa kichwa kukubali. Mara nyingine alinikumbusha sehemu niliyoisahau.

Jioni ya Jumapili ile ninaikumbuka vizuri, maana niliifurahia. Alirudi jua likielekea kuzama, nami nilikuwa nimepika kisamvu cha nazi na samaki wa kukaanga kwa kuwa nilidhani tuna jambo la kusherehekea. Alinawa, akaketi, akamega tonge la kwanza kabla ya kusema.

"Haifai," akasema.

"Nini haifai?"

"Maji. Kipupwe kimekikausha kisima, chumvi imepanda. Yule fundi alikuwapo, akapima tena."

"Ikawa ngapi?"

Alitafuna, akameza. "Sita."

"Sita nini?"

"Gramu," akasema. "Kwa lita."

Katika mwaka mzima wa kunisikiliza hakuwahi kutaja kizio bila mimi kumkumbusha. Nilimwamini papo hapo, na nadhani ndiyo sababu alikitaja. Alikuwa amekitayarisha njia nzima, tangu Kibada hadi pantoni hadi mlangoni kwetu. Nikachukua kalamu. Sita kugawa kwa nne, gramu moja na nusu, miligramu elfu moja na mia tano. Nikamgeuzia karatasi aone. "Unaona? Hata kwa kuchanganya, bado ni chumvi. Tumesalimika mara mbili."

"Naona," akasema.

Akasogeza sahani yake mbele, akaniomba nimwongeze kisamvu. Nikampakulia, kisha nikaendelea kumweleza, kwa mifano, mpaka chakula chake kikapoa.